Asumini Huchumwa Alasiri

Mjukuu wangu, tangu adhuhuri nimekaa barazani nikiutazama mwasumini wako, na moyo wangu hauna raha. Majani yamesongamana, matawi yameparamia ukuta mzima, na maua ni ya kuhesabu kwa vidole. Ukiulizwa, wasema waupenda, ndiyo maana huugusi. Nimechoka kulirudia neno hili, lakini nitalirudia tena, maana sijui masika yajayo yatanikuta wapi.

Mwasumini huchanua kwenye tawi changa. Tawi likishakuwa gumu kama ukuni, halikupi ila majani. Kwa hiyo maua yakishapungua, shika mkasi uliotiwa makali, uupunguze mti hata theluthi yake. Toa matawi yaliyokauka na yanayosuguana katikati, jua lipate kupenya. Utauona kama umenyolewa, nawe utanung'unika. Vumilia, machipukizi yatatoka, na vitumba vitakuja juu yake.

Na ile mbolea ya dukani unayoumwagia kila wiki, acha. Umeyalisha majani, nao mti umekupa majani. Samadi iliyooza vizuri, masika na vuli, yatosha. Maji uyatie mengi kwa mara moja, kisha ungoje udongo wa juu ukauke. Mizizi ikikaa topeni huoza. Ukiona vidukari kwenye ncha changa, waoshe kwa maji ya sabuni.

Lakini linaloniuma zaidi ni kwamba hata hayo maua machache huyachumi. Wataka yapambe bustani. Ua la asumini halikuumbiwa kutazamwa kwa mbali, mwanangu. Kitumba hufumbuka jua likizama, hunukia usiku kucha, na asubuhi lile ua limekwisha kuanguka. Kila asubuhi mwafagia mchangani kitu ambacho mama yangu asingekubali kipotee hata kimoja.

Yeye, hapa hapa Ng'ambo, alikuwa akishasali alasiri huchukua kijungu chake akaenda uani. Alichuma vile vitumba vyeupe vilivyojaa lakini bado vimefumba. Vya kijani aliviacha, kwa kuwa vikichumwa mapema havifumbuki. Kisha tulikaa mkekani, sindano na uzi mkononi, tukivitunga kimoja kimoja. Vingine aliviunga na majani ya mrehani, vikawa vikuba vya kubana nguoni au kutia nywelani. Vilivyobaki vilienda mitoni na kwenye kitanda cha bibi harusi wa mtaani, kama yupo. Kitumba kilichochumwa kimefumba humfumbukia mvaaji wake kichwani, kati ya magharibi na isha. Hiyo harufu ndiyo ninayoikumbuka nikimkumbuka mama.

Asili ya mti huu ni upande wa Bara Hindi, na wengi wameupokea kwa heshima kama sisi. Wafilipino wamelifanya ua hili kuwa ua la taifa lao tangu 1934, nao hulitunga makoja. Ila wewe uliyezaliwa nao uani umeuacha uwe ukuta wa majani.

Tena jua kwamba asumini yetu haizai mbegu za kutegemea. Hupita mkono kwa mkono, tawi kwa tawi. Huo wako ni tawi la mwasumini wa mama yangu, naye alipewa na shoga yake. Kwa hiyo ukipogoa usitupe. Chagua matawi yasiyo machanga sana wala magumu sana, kata urefu wa shubiri, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na samadi, kivulini, uuweke na unyevu. Mwezi mmoja au mmoja na nusu ukipita, utaona mizizi. Yakishashika, yahamishie juani.

Kesho ukishasali alasiri, njoo na mkasi na makopo matupu. Mimi nitakuonyesha pa kukata, wewe utakata, maana mikono yangu inatetemeka. Jirani wa nyuma aliniomba vipandikizi viwili tangu Ramadhani, na bado sijampa.