Kufa na Beleshi Mkononi

Mchana wa Agosti 5, 1949, joto likiwa kali, ndege aina ya C-47 iliruka kutoka Missoula, jimbo la Montana, Marekani. Ilibeba wazimamoto 16, wengi wao vijana, waliofunzwa kushuka kwa miamvuli mahali ambapo gari halifiki. Hewa ilikuwa imechafuka, ndege ikayumba sana, na mmoja wao akaugua njiani, ikabidi arudi nayo. Wengine 15 waliruka katika korongo liitwalo Mann Gulch, kando ya mto Missouri. Moto wenyewe ulikuwa umewashwa na radi ya siku iliyotangulia, na walipoutazama kutoka juu hawakuuona kuwa jambo kubwa. Waliuhesabu kuwa moto wa kumalizwa kabla ya saa nne asubuhi ya kesho yake. Chini walimkuta Jim Harrison, mlinzi wa eneo la mapumziko, aliyekuwa akipambana nao peke yake tangu mchana. Wakawa 16 tena. Saa ya mkononi ya Harrison ilisimama takriban saa 11:56 jioni. Kati ya watu wale 16 walipona watatu.

Kwetu zimamoto ikitajwa, mazungumzo huwa ya vifaa. Gari bovu, mipira imetoboka, mitungi ya hewa haitoshi, buti zimekwisha soli. Malalamiko hayo ni ya haki na siyabezi. Lakini ukiacha redio, ambayo mwamvuli wake ulikataa kufunguka ikapasuka kwenye mawe, vijana wa Mann Gulch walikuwa na zana zote ambazo kazi yao ilizidai wakati ule. Baadhi yao zana hizo ziliwachelewesha.

Asiyewahi kuzima moto wa nyika hudhani kifaa cha kwanza ni maji. Mlimani maji utayatoa wapi? Moto wa nyasi na miti hunyimwa cha kuunguza: watu hufyeka na kuchimba mkanda mpaka udongo mtupu uonekane, moto ukifika pale unakwama. Ndiyo maana mzimamoto wa msituni hubeba beleshi, msumeno na shoka. Kwa Wamarekani chombo kipenzi ni Pulaski, mpini mmoja wenye shoka upande huu na jembe upande wa pili. Ukikishika unaelewa mara moja kwa nini hawakiachi: unakata mzizi, unageuza mkono, unachimba.

Jina hilo ni la Ed Pulaski, askari misitu wa Idaho. Agosti 1910 moto uliteketeza kiasi cha ekari milioni 3 za Idaho na Montana, sehemu kubwa kwa siku mbili tu. Pulaski aliwakusanya watu wake wapatao 45, akawaingiza katika pango la mgodi wa zamani, akasimama mlangoni na bastola na kutishia kumpiga risasi atakayejaribu kutoka. Wachache walikufa mle ndani, walio wengi wakatoka hai. Mimi hushangaa kwamba jina la mtu huyu limedumu kwenye shoka. Siku ile ya 1910 shoka halikuokoa mtu. Kilichowaokoa ni kiongozi aliyetambua kwamba kazi imeshindikana, akaiacha, na akawalazimisha wengine waiache.

Turudi korongoni. Msimamizi wa kikosi alikuwa Wagner Dodge, mwenye miaka 33, mzoefu, na kwa simulizi zote mtu wa maneno machache. Aliwaongoza kuteremka upande wenye nyasi ili mto uwe kimbilio lao mambo yakiharibika. Walipokaribia mtoni, Dodge aliona kwamba moto umekwisha kuvuka mdomo wa korongo na umesimama kati yao na maji. Akakigeuza kikosi kupanda mlima. Hapo ndipo hesabu ilipowageukia. Nyasi zilikuwa kavu, zimefika kiunoni, na mwinamo ulikuwa mkali. Mtu anayepanda huishiwa pumzi kila hatua. Moto ukipanda ndimi zake hulalia nyasi za mbele, huzikausha na kuziwasha kabla haujazifikia, na kadiri mlima unavyosimama ndivyo unavyozidi kukimbia.

Dodge akatoa amri: tupeni zana nzito. Baadhi walikuwa wamekwisha kutupa bila kuambiwa. Wengine waliendelea kupanda nazo. Walter Rumsey, mmoja wa waliopona, alisimulia jinsi alivyomwona mwenzake akikimbia na beleshi, akalichukua mkononi mwake. Hakulitupa. Alitafuta msonobari, akaliegemeza vizuri kwenye shina, kisha akaendelea kukimbia. Mbele kidogo yeye na Robert Sallee walimpita Harrison. Alikuwa ameketi, amechoka kwa kazi ya mchana kutwa, shanta zito lingali mgongoni wala hajaribu kulivua.

Dodge alipoona kwamba hawatafika juu kwa wakati, alitoa kiberiti na kuzichoma nyasi zilizokuwa mbele yake. Moto ule mdogo ukakimbilia mlimani na kuacha jivu. Akaingia kwenye jivu na kuwaita wenzake waingie. Hakuna aliyeingia. Alilowesha kitambaa kwa maji ya chupa yake, akakiweka mdomoni na kulala kifudifudi. Moto mkubwa ulipofika pale haukukuta kitu cha kuunguza, ukapita pembeni mwake, naye akainuka mzima. Sallee, aliyekuwa na miaka 17 tu na aliyedanganya umri ili apate kazi, alipenya na Rumsey kwenye ufa wa mwamba juu ya mlima, wakaokoka. Wengine 13 walikufa, wawili kati yao hospitalini kesho yake.

Ni rahisi kuwalaumu marehemu. Lakini jiweke pale: nyuma yako moto unaunguruma hata husikii sauti ya jirani, na mkubwa wako, mtu usiyemzoea, anainama na kuwasha mwingine mbele yako. Waliopona walikiri kwamba walidhani amechanganyikiwa. Baadaye Dodge aliiambia tume ya uchunguzi kwamba hata yeye hakuwahi kufundishwa mbinu ile, aliiona tu kuwa na mantiki. Watu wa mbuga za Marekani walikuwa wakiitumia zamani. Ilikuwa haijaingia katika mafunzo ya vijana wale, na hakukuwa na muda wa kuieleza.

Na zana je? Mwaka 1996 Karl Weick, profesa wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliandika makala nzima kuhusu swali hilo moja: kwa nini mtu anayekimbia kifo haachi mzigo? Majibu yake ni mengi, nami nachukua yale yanayoniuma. Huenda hawakuisikia amri. Waliosikia hawakupewa sababu, na amri isiyo na sababu kutoka kwa mtu usiyemfahamu ni nzito kuitii. Kila mmoja alimtazama mwenzake, akamwona angali na beleshi, akaona mambo hayajawa mabaya kiasi hicho. Kisha kutupa nako ni ufundi, na hakuna aliyewahi kuwafanyisha zoezi la kutupa. Kubwa kuliko yote, mzimamoto bila zana ni nani? Akilitupa beleshi amekubali kwamba sasa yeye ni mkimbizi kama mkimbizi mwingine. Waswahili tuna msemo wa kufa na tai shingoni, tukimsifu na kumcheka kwa pamoja asiyetaka kuonekana ameshindwa. Mlimani hakuna anayecheka.

Mimi naongeza sababu moja ambayo mtumishi yeyote wa ofisi zetu ataitambua. Kifaa cha serikali kina namba. Umeandikishwa kwenye daftari la stoo, umetia sahihi, na kikipotea utaandika maelezo, pengine ukatwe mshahara. Mtu aliyelelewa kazini kwa hofu hiyo miaka 10, siku ya moto utamwambia atupe akatupa?

Ungetarajia kwamba baada ya 1949 jambo hili lilikwisha. Julai 6, 1994, miaka 45 baadaye, wazimamoto 14 walikufa kwenye mlima Storm King, karibu na mji wa Glenwood Springs, Colorado. Mlima tena, upepo tena, kukimbia kupanda tena. Baadhi yao walikutwa na mizigo na zana zao. Mmoja wa waliookoka alieleza kwamba alipokuwa akikimbia aligundua msumeno wa mashine ungali begani, akaanza kutafuta mahali pa kuuweka usije ukaungua. Msumeno ndio usiungue! Beleshi la Rumsey kwenye msonobari na msumeno huu ni kisa kimoja, na waliokiishi hawakujuana.

Hapa ndipo kitabu kinapoingia kwenye orodha ya vifaa. Norman Maclean alifanya kazi ya misitu ujanani, kisha akawa mwalimu wa fasihi Chuo Kikuu cha Chicago. Mann Gulch ilimkaa rohoni. Alipostaafu alianza kuichimba. Mwaka 1978, akiwa na miaka zaidi ya 70, alipanda korongo lile pamoja na Rumsey na Sallee kutafuta nani alisimama wapi. Alifariki 1990 kabla hajamaliza, na kitabu chake, Young Men and Fire, kikatoka 1992. Si kitabu cha mwongozo. Kina kurasa za hesabu za upepo na mwinamo, kina kurasa za kilio, na kwa maoni yangu kinazunguka mno sehemu ya katikati. Lakini aliyekisoma, siku akimwona kiongozi wake akiwasha kiberiti mbele ya moto, hatadhani ni wazimu. Kwa faida hiyo peke yake bei yake imerudi.

Baada ya Maclean, msome Richard Rothermel, mtaalamu wa moto wa Missoula, ambaye mwaka 1993 alipiga hesabu ya mbio zile kwa dakika na kuonyesha kwamba hazikuwa za kushinda. Kuna pia kanuni 10 za kuzima moto wa msituni zilizotungwa Marekani mwaka 1957, baada ya vifo vya namna hii kurudiarudia. Paul Gleason, mzimamoto mwenyewe, aliona kumi ni nyingi kuzikumbuka katikati ya moshi, akazikamua mwaka 1991 zikabaki nne: weka mlinzi wa kutazama moto, hakikisha mnawasiliana, jueni njia ya kutorokea, jueni mahali salama pa kufikia. Tazama kwamba mbili kati ya nne ni za kukimbia. Ukweli huo mtu anatakiwa aupokee akiwa ametulia, ameketi na kikombe cha chai, kwa sababu mlimani atauona ni uoga.

Wamarekani wamekwenda mbele zaidi. Wanavipeleka vikosi kwenye milima yenyewe, Mann Gulch na Storm King, wanasoma taarifa wakitembea palepale zilipopita nyayo za marehemu, na kila kituo wanaulizana: wewe hapa ungefanya nini?

Sisemi vifaa ni bure. Vijana wa 1949 walivaa nguo za kawaida za kazi. Leo wenzao wana shati na suruali za kitambaa kisichoshika moto upesi, buti za ngozi, glavu, helmeti na kijihema cha kujifunika cha karatasi ya alumini, ambacho Marekani ilikifanya cha lazima mwaka 1977. Kijihema hicho kimeokoa watu. Hata hivyo kazi yake ni kurudisha nyuma joto, na ndimi za moto zikikilalia hakidumu. Juni 30, 2013, huko Yarnell, Arizona, wazimamoto 19 wa kikosi kimoja walijifunika vijihema vyao, wakafa wote. Kila kifaa kina mpaka wake, na mpaka huo haujaandikwa kwenye boksi kilimonunuliwa.

Kwetu moto wa namna hii tunao. Oktoba 2020 Kilimanjaro iliwaka, na mamia ya watu wa kujitolea walipanda kusaidia askari wa hifadhi na wa zimamoto. Mioto ya nyasi huzimwa kila kiangazi na wanakijiji wenye mapanga na matawi mabichi, wengine wamevaa ndala na jezi za mpira. Jezi hizo ni za nailoni au poliesta, zikipata moto huyeyuka na kugandana na ngozi. Bora shati kuukuu la pamba. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji mtu wa kuwaambia.

Maandiko niliyoyataja yaliandikwa kwa Kiingereza, na wengi wanaoyahitaji hawakisomi kwa raha. Kwa hiyo, mkufunzi, iwe ni wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wa hifadhi au wa kamati ya mazingira ya kijiji, kisimulie kisa hiki kwa Kiswahili mbele ya kikosi chako, kwa majina na saa zake. Wawashie nyasi kidogo mahali salama, walione jivu la Dodge kwa macho yao. Kisha uwapandishe kilimani wakiwa na mizigo yote, upulize filimbi katikati ya mlima, na uwaamuru watupe kila kitu wakimbie. Wafanye hivyo mpaka mkono uzoee kuachia. Na wewe mtunza stoo, andika kabisa kwenye daftari lako kwamba aliyetupa kwa amri hadaiwi beleshi.