Motaboti Yako na Jirani Yako

Je, ni vibaya mwenye motaboti kutoka Mwanza na jamaa zake, akapita Ukerewe, akafika hata Ukara, kwa starehe tu? La, hasha. Mapumziko ya halali ni zawadi ya Mungu. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino atufundisha kwamba mtu aweza kuwa na mali yake, ila katika kuitumia yampasa awe tayari kumshirikisha mwenye shida.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimepakia kupita kiasi. Watu zaidi ya 200 walikufa. Wavuvi walikwenda kuokoa kwa mitumbwi yao, ambayo ndiyo riziki ya watoto wao.

Basi, ndugu msomaji, tembea kwa furaha. Lakini ukiona mkono wapungwa majini, au mama mgonjwa ufukoni asiye na chombo, geuza usukani, hata ukipotewa na siku nzima ya starehe. Asiyegeuza hapo, motaboti si mali yake tena. Ni bwana wake.