Msamaha Una Mwenyewe

Mzee Aboud Jumbe, Rais wa pili wa Zanzibar, alifariki tarehe 14 Agosti 2016. Kwenye maziko yake Unguja, Rais Ali Mohamed Shein alimpa mkono kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, na Maalim hakuupokea. Habari ilifika Pemba kabla wazikaji hawajarudi makwao. Waliochukizwa walisema dini imevunjwa, kwani Muislamu hamnuni mwenzake kupita siku tatu, tena mbele ya maiti. Rais Magufuli wa Muungano alipokuja Unguja mwezi uliofuata aliyazungumza hadharani na hakuficha alivyokerwa.

Mimi ni muosha maiti, upande wa wanawake, hapa kaskazini mwa Pemba, na asubuhi nasomesha watoto chuoni. Kwa kazi hizi mbili, suala la adabu halikunishughulisha sana. Viongozi wale wawili walikuwa wamepeana mikono miaka mitano mizima, mmoja Rais na mwenzake Makamu wa Kwanza, na hakuna aliyewahi kuuliza mikono ile ilikuwa ya nani. Shein alipounyoosha wake, aliunyoosha kama Ali, au kama kiti alichokuwa akikikalia? Na Maalim angeupokea, angekuwa anasamehe la kwake, au la watu ambao kura zao zilifutwa tarehe 28 Oktoba 2015 kwa tangazo la mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha?

Swali hili si la siasa peke yake. Kwenye vitabu vya fikihi tunafundishwa kwamba dhambi baina ya mja na Mola wake hufutwa kwa toba, lakini haki ya mja mwenzake haifutwi mpaka mwenyewe aridhie. Hata aliyekufa shahidi, deni lake humngoja. Ndiyo maana hapa kwetu, kabla jeneza halijaondoka, mmoja wa jamaa husimama akatangaza: mwenye kumdai marehemu aje kwa warithi, na aliyekosewa naye amsamehe. Sisi wanawake huyasikia hayo kwa dirishani, sanda tumeshaifunga na harufu ya kafuri ingali mikononi.

Nimeyasikia yakitangazwa mbele ya uwanja uliojaa, na nimeyasikia yakitangazwa mbele ya watu wachache mno. Baada ya uchaguzi wa 1995, Salmin Amour alipotangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif, vijiji vyetu viligawanyika mpaka kwenye mambo ya Mungu. Watu wa CUF, chama cha Maalim, hawakwenda kumzika wa CCM, chama tawala, na wa CCM hawakuitwa kwenye harusi ya CUF. Duka la huyu halinunuliwi, gari ya yule haipandwi. Niliitwa kumuosha mama mmoja ambaye mumewe alikuwa karibu na sheha. Tulikosa wanawake wa kushika shuka la sitara, ikabidi binti yake mdogo ashike pembe moja, naye hakupaswa kuwa pale. Majirani walikuwa ndani mwao, milango wameirudisha. Marehemu mwenyewe hakuwa na chama. Maisha yake yalikuwa kuanika karafuu.

Kisha ikaja Januari 2001. Watu waliotoka kuandamana Wete, Micheweni na Chake Chake walipigwa risasi, na zaidi ya 30 wakafa. Maelfu wakapanda mashua usiku kuvuka hadi Shimoni, Kenya. Rais Mkapa aliunda tume chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, ikahoji, ikakabidhi ripoti. Muafaka wa CCM na CUF ulikuwa umeshatiwa saini Oktoba 2001, wa pili baada ya ule wa 1999. Huku kwetu waliobaki ni wajane, na watoto waliokuwa wakisoma kwangu wakiwa hawana wa kuwalipia hata mafuta ya taa.

Sitaki kuyadharau maridhiano. Amani Abeid Karume na Maalim Seif walipokutana Ikulu tarehe 5 Novemba 2009, walifanya jambo ambalo wasuluhishi wa Jumuiya ya Madola hawakuliweza. Kura ya maoni ya 31 Julai 2010 kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa ilipita kwa asilimia 66.4, Katiba ikabadilishwa, na katika uchaguzi wa Oktoba ile Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.1 bila hata mtu mmoja kukimbilia Shimoni. Matokeo yalisomwa Bwawani, na Maalim akayakubali papo hapo. Mwezi ule niliosha maiti wa nyumba ya CCM na maji ya majani ya mkunazi yaliletwa na jirani wa CUF, bila ya kuitwa. Anayesema lile lilikuwa jambo la viongozi tu hakuwapo hapa.

Lakini halikudumu. Sababu wanayoitaja wengi ni ya Katiba: uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 ulisusiwa, Shein akapata asilimia 91.4, na hakukuwa na chama kingine kilichofikia asilimia 10 za kukipa Makamu wa Kwanza. Sababu yangu ni nyingine. Umoja ule ulijengwa juu ya msamaha uliotolewa na watu ambao haukuwa wao.

Viongozi wetu wana methali wanayoipenda, kwamba yaliyopita si ndwele. Inasikika vizuri ikitoka kinywani mwa mjane. Ikitoka kwa mwenye dola mimi huona anajifutia hesabu. Wanazuoni wameliweka wazi jambo la damu: warithi wa aliyeuawa ndio wenye hiari ya kudai kisasi mbele ya hakimu, au kupokea diya, au kusamehe, na mtawala hana uwezo wa kuwasamehea maadamu wapo. Najua fika kwamba makosa ya jinai Zanzibar hayahukumiwi na kadhi. Nazungumzia dhamiri, na dhamiri ya Mpemba imelelewa chuoni. Rais husamehe wafungwa kila Januari katika sherehe za Mapinduzi, na hilo ni lake, kwa kuwa anafuta adhabu iliyotolewa na dola yake. Chozi la mama wa Micheweni halimo katika mamlaka hayo.

Nini basi kilicho chake? Nairudia fikihi ya mirathi, maana ndiyo niijuayo. Mali ya maiti hutolewa kwanza gharama za maziko, halafu madeni, halafu wasia, na kilichobaki ndicho hugawiwa warithi. Anayekimbilia mirathi kabla ya deni amekula haramu. Rais anayeapishwa hupokea tarika nzima ya waliomtangulia: Ikulu, hazina, vikosi, magereza. Hupigiwa mizinga 21. Madeni ya kiti hayatajwi katika kiapo, na akiulizwa hujibu kwamba yeye hakuwapo. Mrithi gani hapa kijijini angekubaliwa jibu hilo?

Upo mfano wa msamaha wa mtawala, na mara nyingi hunukuliwa nusu. Katika Hijja ya kuaga, Mtume (s.a.w.) alifuta visasi vyote vya zama za ujinga. Damu ya kwanza aliyoifuta ilikuwa ya mtoto wa Rabia bin Harith, ukoo wake mwenyewe. Riba ya kwanza aliyoifuta ilikuwa ya ami yake Abbas. Alianza na walichokuwa wakidai watu wake. Sijapata kumsikia rais wa nchi iliyogawanyika akianza hivyo, na hesabu yangu inaingiza wale viongozi wa Kenya, ng'ambo ya Shimoni, waliopeana mikono Nairobi Machi 2018 wakati familia za waliouawa mwaka uliotangulia zilikuwa bado mahakamani.

Maalim Seif aliwahi kufungwa kati ya 1989 na 1991, na hilo alikuwa na haki ya kulisamehe, akalisamehe. Mwaka 2020 mtihani ulikuwa mgumu zaidi. Watu walipigwa risasi Pemba siku zile za uchaguzi, na mwezi wa Disemba akakubali kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais Hussein Mwinyi. Chuoni kwangu wazazi walibishana. Mmoja alisema mzee amewauza maiti wetu; mwengine akamjibu kwamba mzee amewanunua walio hai. Mimi naona Maalim alifanya alilokuwa na uwezo nalo, kukaa karibu na kiti ili aweze kukidai. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, hata miezi mitatu haijatimia, akazikwa kwao Mtambwe. Waliokuja kuzika sikuweza kuwahesabu, wa kijani cha CCM na wa zambarau ya chama chake cha mwisho, na tangazo la madeni lilisomwa kwa marehemu yule kama linavyosomwa kwa yeyote.

Wapo wanaonambia kwamba kufukua madeni ni kufukua makaburi, na kwamba nchi ndogo kama hii haiwezi kukaa na watu wanaodaiana. Nawaelewa. Sura ya Hujurat inaamrisha kupatanisha makundi mawili ya waumini yanayopigana, ila upatanishi huo umefungwa kwa sharti la uadilifu, na yamo ndani yake maneno makali kwa upande unaodhulumu. Huwezi kuchukua amri ukaacha sharti.

Rais anayetaka umoja, yeyote yule, aje Micheweni bila ya mabango. Asimame pale ambapo jamaa wa marehemu husimama, aseme kiti hiki kinadaiwa na mimi ndiye niliyekirithi, kisha majina yasomwe. Warithi wengi wako hai, wanajulikana mpaka kwa sheha. Mmoja atasamehe siku hiyo hiyo, namjua, amechoka. Mwengine atataka fidia ya kumsomeshea mtoto. Na yupo ambaye atataka aliyefyatua apelekwe mahakamani, wala hatashawishika na sheikh wala waziri, na huyo asiitwe adui wa umoja.