Chuma Kipya, Jina la Kale

Kitu kilichochakaa kikatengenezwa kidogo kidogo, hata kisisalie na kipande chake cha awali, huwa ni kile kile au ni kingine kilichovikwa jina lake? Swali hili ni la kale. Plutarch aliligusia alipoeleza habari za jahazi la Theseus, ambalo watu wa Athens walikuwa wakiling'oa mbao zilizooza na kulitia mpya, mpaka wanafalsafa wakagawanyika: hawa wakisema limebaki lile lile, na wengine wakikana. Mwaka 1655 Thomas Hobbes akaliongezea fumbo hilo fundo jingine. Lau mtu angeziokota mbao zote za kale akaziunga tena kwa utaratibu wake wa mwanzo, yangekuwapo majahazi mawili. Basi lipi lingestahiki jina?

Katika pwani ya Waswahili jambo hili ni la kila msimu. Fundi wa vyombo hung'oa ubao, hubadilisha taruma, hutia kalafati upya, na ikibidi huugusa hata mkuku wenyewe. Chombo kikirudi majini nahodha hukiita kwa jina lake la jana, na hapana amwitaye mwongo. Chombo ni cha kazi, na kazi yake haikukatika. Shida huanza pale kitu kinapokuwa cha kumbukumbu pia, kwani kumbukumbu ina masharti ambayo kazi haina.

Masharti hayo huonekana wazi katika karakana za nyumbani nchini Uingereza, ambamo watu wa kila shughuli hutumia jioni zao, kwa miaka kadhaa, kulirudishia uhai gari moja kuukuu. Aghalabu gari hilo ni Land Rover, ambalo Waswahili walilizoea kwa jina la Landrova. Lilibuniwa na Maurice Wilks na nduguye Spencer wa kampuni ya Rover mwaka 1947, likaonyeshwa hadharani mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, lakini chuma kiligawiwa kwa kipimo, ilhali alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo bodi ikafanywa kwa alumini, na chesisi, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa gari, ikafanywa kwa chuma.

Ndoa hiyo ya madini mawili ndiyo iliyoliamulia gari namna ya kufa kwake. Palipogusana alumini na chuma, unyevu na chumvi vikaingia kati, alumini huliwa ikawa unga mweupe. Chesisi nayo ni sanduku lenye uwazi ndani. Matope na maji hujificha humo, na kutu huanza kazi yake mahali pasipoonekana. Matokeo yake ni kwamba gari la miaka sitini huweza kuwa na uso mzima na mgongo uliooza.

Na achukuliwe mfano wa mwana aliyerithi Landrova ya marehemu baba yake. Anafungua bolti moja baada ya nyingine, anainua bodi, anaigonga chesisi kwa nyundo, na nyundo inapita. Chesisi mpya zilizotiwa zinki zinauzwa, ananunua moja. Ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba cha dereva umetoboka, anatafuta mwingine. Injini imekufa; anatia iliyotoka katika gari jingine la umri ule ule. Mwishowe anausimamia mlango wa dereva, wenye kibonyeo alichokifanya baba yake siku moja aliporudi nyuma akagonga mti. Nyundo anayo mkononi, na ufundi wa kukinyoosha anao. Je, akinyooshe?

Sheria haimsaidii sana. Kwa miaka mingi mamlaka ya Uingereza ilikuwa na utaratibu wa kuhesabu pointi kwa magari yaliyobadilishwa mno, ili kuamua kama yaendelee kubeba namba zao za usajili. Chesisi ilipewa pointi 5. Springi, ekseli, giaboksi na usukani pointi 2 kila kimoja. Na injini, ambayo wengi huiita moyo wa gari, pointi 1 tu. Gari lilihitaji pointi 8. Lakini chesisi mpya ya namna ile ile ilikubaliwa sawa na ile ya asili. Sheria, kama nahodha, ilitazama mwendelezo wa umbo na kazi. Haikuuliza habari ya kibonyeo cha mlangoni, na haikuwa kazi yake kuuliza.

Walioyatafakari mambo haya kabla ya magari walitofautiana vikali. John Ruskin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1849 kuhusu usanifu wa majengo, aliona kwamba kulirudishia jengo kuukuu upya wake ni kuliangamiza, kwani roho iliyotiwa na mkono wa fundi aliyekufa hairudishwi na mkono wa mwingine. Mfaransa Viollet-le-Duc alishika njia ya pili: kurudishia jengo hali yake ni kulifikisha kwenye ukamilifu ambao huenda halikupata kuwa nao wakati wowote. Yule wa kwanza angeliacha gari lioze kwa heshima. Huyu wa pili angeling'arisha kuliko lilivyotoka kiwandani, na kwa kweli karakana nyingi humfuata yeye bila ya kulijua jina lake.

Tukio moja lilionyesha njia ya kati. Mwezi wa Januari 2018 kampuni yenyewe ilitangaza kwamba moja kati ya magari matatu ya majaribio yaliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 limepatikana katika bustani ya nyumba, si mbali na Solihull lilikozaliwa. Liliacha kutembea barabarani katika miaka ya 1960, likakaa miaka ishirini hivi kwenye shamba huko Wales, kisha likanunuliwa na mtu aliyenuia kulifufua asimalize. Yafaa kuangalia walilolifanya mafundi kwanza. Kabla ya kushika spana walikaa miezi kadhaa katika kumbukumbu za kampuni, wakifuatilia nani alilimiliki baada ya nani, mpaka wakaridhika kuwa ndilo. Kisha wakaazimia kuihifadhi rangi yake ya kijani ya awali pamoja na kuchakaa kwake.

Hapo ndipo penye ufunguo. Gari lile halikutambuliwa kwa chuma chake pekee, maana chuma hakisemi. Lilitambuliwa kwa mnyororo wa habari, kiungo kwa kiungo. Jambo hili si geni kwa watu waliozoea kuipima riwaya ya hadithi kwa uaminifu wa wapokezi wake. Wala si geni kwa wapenzi wa mashairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalikusanywa miongo kadhaa baadaye kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Sauti ya Muyaka ilikuwa imekwisha nyamaza. Kilichofika kwa wasomaji ni maneno yaliyopita katika vinywa na kalamu za wengine, na thamani yake imesimama juu ya uaminifu wao.

Na afikiriwe mnakili wa muswada wa utenzi aliyekuta mchwa wamekula kipande cha mshororo. Akiwa mjuzi wa vina na mizani, aweza kutunga kingine kitakachokaa mahali pale bila ya mtu kugundua. Akikitia na kueleza pembeni kuwa ni chake, amewafaa wasomaji. Akikitia akanyamaza, ameiba mara mbili: amemnyang'anya mtunzi ulimi wake, na msomaji haki yake ya kujua anamsikiliza nani. Ubora wa kipande chake haumtoi hatiani. Unaizidishia hatia, kwa kuwa unaufanya wizi usionekane.

Mwenye karakana yuko katika mizani hiyo hiyo. Dhambi haimo katika chesisi mpya. Imo katika kuipiga namba ya kale, kuipaka matope, na kumwambia mnunuzi kuwa ndiyo iliyotoka Solihull. Upo pia uongo wa upande wa pili, nao umeshamiri: rangi mpya kusuguliwa kwa msasa na kutiwa dawa ili ionekane imepigwa jua miaka hamsini. Wa kwanza hughushi nasaba, na wa pili hughushi uzee. Wote wawili hudai kumbukumbu ya maisha ambayo kitu hicho hakikuyaishi.

Yupo atakayesema kwamba maneno haya yanamtwisha mtu mzigo mzito kwa ajili ya kipande cha bati. Mkulima aliyeitumia Landrova yake miaka arubaini, akiufunga mlango kwa waya na kuziba sakafu kwa ubao, hakumwandikia mtu habari zake, na gari lake ni la kweli kuliko mengi ya maonyeshoni. Ni sawa kabisa. Gari la mkulima ni la kweli kwa sababu kila kiraka chake kiko wazi. Halihitaji daftari kwa kuwa lenyewe ni daftari. Na iongezwe kwamba uaminifu kwa kitu una mpaka. Mabomba ya breki yaliyolika hayahifadhiwi kwa jina la asili, kwani uhai wa mpita njia umetangulia mbele ya kumbukumbu yoyote.

Basi yule mwana aliyesimama mbele ya mlango ana uhuru zaidi kuliko anavyodhani. Akikiacha kibonyeo, amehifadhi alama ya mkono wa baba yake. Akikinyoosha ili mlango ufunge vyema na mvua isiingie, hakumkosea baba, ambaye huenda angelikinyoosha mwenyewe lau angelipata nafasi. Linalomlazimu ni dogo na zito: aandike. Chesisi ilitiwa mwaka gani, injini ilitoka wapi, mlango ulikuwaje kabla ya nyundo. Gari kuukuu ni amana inayopita mikononi. Kila mshikaji huondoka, na kila kipande kitafika siku yake ya kuliwa na kutu. Atakayelipokea baadaye hawezi kudai chuma kile kile. Anachoweza kudai kwa haki ni kuambiwa kweli, na deni hilo halilipwi kwa vipuri.