Yesu Ni Nani, na Tusome Nini?

Katika msiba mmoja hapa Nambis, kaburi likiwa limekwisha kufukiwa na watu wametawanyika, mama aliyefiwa na mwanawe alituuliza: "Mchungaji, yule aliyekufa msalabani alikuwa Mungu au mtu? Kama alikuwa mtu tu, mwanangu nimemwacha mikononi mwa nani?" Tulisali naye, tukaondoka. Sala haikuwa kosa, ila njiani tulijua kwamba tuliikimbilia kwa sababu hatukuwa na jibu.

Tangu siku ile tumejiuliza: kumwamini Yesu bila kutaka kumjua zaidi ni unyenyekevu, au ni uvivu? Wapo washarika wanaosema imani haihitaji vitabu. Wana haki kwa sehemu, maana yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Bwana hakusoma kitu. Lakini yeye alibakiwa na saa chache tu. Sisi tunasimama kila Jumapili, mwaka baada ya mwaka, tukikiri Imani mbele za watu. Shahidi anayeapa mahakamani juu ya jambo asilojishughulisha kulijua, tunamlaumu.

Basi tuanze na Injili ya Marko, isomwe yote kwa mkao mmoja, tena kwa sauti. Haimalizi saa mbili. Tumezoea kuisoma vipande vipande, mistari saba leo na mitano Jumapili ijayo, kama mtu anayemchungulia mgeni kwenye ufa wa mlango. Ukiisoma nzima, katika sura ya 4 unamkuta mtu aliyechoka, amelala juu ya mto nyuma ya chombo, na kabla sura haijaisha upepo na bahari vimemtii. Marko hamgawi. Aliyelala ndiye aliyeamuru. Wanafunzi wanabaki na hofu, wakiulizana huyu ni nani.

Kisha turudie Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, ambayo wengi wetu tuliifunga siku ya Kipaimara. Tusome maelezo ya sehemu ya pili ya Imani. Luther anakiri kwamba Yesu ni Mungu kweli na mtu kweli, lakini hamwachi huko juu. Anamwita Bwana wake yeye mwenyewe.

Kitabu cha tatu ni cha Athanasio wa Aleksandria, juu ya Neno la Mungu kufanyika mwili. Katika mji huohuo padre Ario alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, wa kwanza na bora kuliko vyote, lakini kiumbe. Mtaguso wa Nikea ulimkataa mwaka 325. Athanasio, aliyekuwa shemasi wakati ule, baadaye akawa askofu, akafukuzwa mjini mara tano. Hakung'ang'ania neno tu. Anatoa mfano wa picha ya mtu iliyochorwa juu ya ubao na kuharibika kwa uchafu. Ubao hautupwi; mwenye sura ile huja akakaa tena mbele ya mchoraji, na picha ikarudishwa palepale. Ndivyo Mwana alivyokuja kuirudisha sura ya Mungu ndani yetu, na kiumbe kingine kisingeweza. Laiti tungekuwa na mfano huo pale kaburini!

Cha nne kitawashangaza baadhi yenu, maana mwandishi ni padre Mkatoliki, Mtanzania mwenzetu, Charles Nyamiti. Mwaka 1984 alitoa kitabu kwa Kiingereza akimweleza Kristo kuwa Mhenga wetu, ndugu aliyetutangulia, anayetuunganisha na Baba. Tunakipenda na tunabishana nacho. Wapo miongoni mwetu tuliolelewa tukiwaogopa wafu wa ukoo, na kwetu neno hili lina uzito ambao haliwezi kuwa nao kwa msomaji wa Ulaya. Tena mhenga ana ukoo wake. Mhenga wa Mwiraqw si mhenga wa Mbarbaig, na sisi wa Mbulu na Hanang tunajua chuki za ng'ombe zilivyotutenga. Nyamiti anajibu kwamba Kristo ni wa uzao wa Adamu, na Adamu ni wa sote. Jibu ni zuri. Hata hivyo tunauliza bado: mhenga yuko kaburini, je, neno hili linatosha kumbeba aliyefufuka? Msome, kisha tubishane. Asiyejua Kiingereza asikate tamaa. Katika jumuiya hakosekani kijana wa sekondari wa kutusomea na kutufasiria.

Tulirudi kwa yule mama wiki chache baadaye tukiwa na Marko mkononi. Tulimsomea habari ya chombo na dhoruba, tukaanza kumweleza kwamba aliyelala ni mtu kweli na aliyeamuru ni Mungu kweli, naye ni mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mmesoma kwamba kulikuwa na vyombo vingine. Wale waliokuwa humo, nao walipona?"

Tulifungua tena. Ni mstari wa 36. Tulikuwa tumeuhubiri mara nyingi, na hatujawahi kuviona vile vyombo.