Mezani pa Mfalme
(Somo: 2 Samweli 4:4 na sura ya 9)



Sisi wakimbizi tunamwelewa Mefiboshethi kuliko watu wengi. Alikuwa na miaka mitano habari za vita zilipofika. Mlezi wake akamchukua akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kilema wa miguu yote miwili. Baadaye tunamkuta Lo-debari, nyumbani mwa Makiri, mbali na nyumba ya kifalme. Hata Daudi, rafiki mkubwa wa baba yake, hakujua kwamba yupo. Ilibidi aulize, na Siba ndiye aliyemwambia.

Hapa kambini tunao akina Mefiboshethi wetu. Leo nasema juu ya watoto wenye usonji. Unamwita jina haitiki. Anarudia neno lile lile, anapanga vitu mistari, anaziba masikio ngoma zikilia, na ukimbadilishia njia ya kwenda bombani atalia. Wageni wakija, wazazi humficha chumbani. Si kwamba hawampendi, wanaogopa midomo yetu. Amelogwa, tunasema. Ana pepo.

Nami nikiri mbele yenu. Miaka iliyopita niliitwa kumwombea mtoto kama huyo. Tulimzunguka watu wengi, tukapaza sauti, tukamshika kichwa. Alilia mpaka sauti ikamkauka, nasi tukasema pepo anapiga kelele. Sasa najua yalikuwa maumivu, kwa maana wengi wa watoto hawa huumizwa kweli na kelele na kushikwa ghafla. Nilirudi kumwomba mama yake msamaha. Aliniuliza jambo moja tu: “Mchungaji, ni kwa sababu nilikimbia vita nikiwa na mimba?” Hapana, mama. Usonji ni namna ubongo wa mtoto unavyokua, huanza kabla hajazaliwa, na kwa sehemu kubwa hutokana na urithi. Upo pia katika nchi ambazo hazijasikia risasi. Wewe hukumwangusha.

Sasa tazameni alivyofanya Daudi. Hakungoja miguu ipone ndipo amwite mezani. Sura inakwisha Mefiboshethi akila mezani pa mfalme siku zote, na bado ni kilema.

Basi wazazi, msingoje mtoto aseme vizuri ndipo atafutiwe rafiki. Mama huyu alinifundisha mengi kuliko nilivyomfundisha. Mwanawe hupenda vizibo vya soda, anavyo kopo zima. Mama akamwalika mtoto mmoja wa jirani, mmoja tu, si kundi, naye ni mpole, tena hupenda kukusanya vitu. Kila Jumamosi, saa ile ile, mahali pale pale chini ya mwembe. Mwanzo hawakusemezana, kila mmoja alipanga vyake ubavuni pa mwenzake, na mama hakuwalazimisha. Aliwaachisha wangali wanafurahi, hata nusu saa haijatimia. Yule jirani alielezwa wazi: akiziba masikio, nyamaza kidogo, usimdai akutazame machoni, akiondoka ghafla, hajakuchukia. Mwezi wa tatu jirani alikuja mwenyewe bila kuitwa, na mwana akampa kizibo chekundu, ambacho hata mama yake haruhusiwi kukigusa.

Wengine rafiki mmoja anawatosha, na baada ya mchezo wanahitaji kukaa peke yao. Msiwahesabie marafiki kama watu wanavyohesabu mbuzi.

Na ninyi wenye watoto wasio na usonji, mtoto wenu akiuliza mbona yule yuko hivyo, msimvute mkono mkampita. Mjibuni, kisha mpelekeni akasalimie.

Kanisa nalo lina wajibu. Kuanzia Jumapili ijayo benchi la nyuma karibu na mlango ni la familia hizi, na spika ya upande ule itazimwa. Mtoto akitaka kutoka na kurudi mara kumi, atoke, wala mashemasi wasimkemee. Mwenye mtoto nyumbani ambaye hatujamwona aniambie baada ya ibada, au amtume jirani. Nitakuja mwenyewe, peke yangu, bila ngoma.