Iliyorowa Iweke Juu

Ndugu zetu Waislamu,

Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alipita penye rundo la nafaka inayouzwa, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikapata umaji. Akamuuliza mwenye mali kulikoni. Naye akajibu kuwa imepigwa na mvua. Mtume akamlaumu kwa nini hakuiweka juu ile iliyorowa ili watu waione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Hadithi hii ameipokea Abu Huraira, na Imamu Muslim ameitia katika Sahihi yake.

Zingatieni. Mtu yule hakuiba, wala hakupunguza kipimo, na alipoulizwa alisema kweli. Kosa lake ni kuweka kavu juu na mbichi chini, akanyamaza. Basi kuificha ila ya mali ni haramu, na kuijua ni haki ya mnunuzi.

Sasa na tujitazame. Embe nzuri hupangwa juu ya kapu, zilizooza zikawa chini. Maziwa hutiwa maji. Mkebe wa kupimia hubonyezwa kitako. Na mwenye kupunjwa mara nyingi ni mtoto aliyetumwa na mamake kwa shilingi chache, asiyejua kukagua. Kisha ikiadhiniwa, muuzaji yule yule hutangulia safu ya mbele, na faida ile ile akamsomeshea hitima babake!

Wako wasemao: mnunuzi ana macho, na aangalie mwenyewe. Hiyo si hoja. Mafakihi wetu wa Kishafii wamebainisha kuwa mnunuzi akigundua ila iliyokuwako kabla hajakipokea kitu, ana hiari ya kukirudisha. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mtumiaji haki ya bidhaa njema na ya kupewa habari zake. Je, Muislamu angoje mkaguzi wa mizani ndipo amche Mola wake?

Ewe ndugu mfanyabiashara, katika haki ya mja istighfari peke yake haitoshi. Mrudishie uliyempunja, au umtake radhi. Ikiwa huna tena njia ya kumpata, wape maskini kwa niaba yake, wala usijihesabie thawabu ya mali isiyokuwa yako. Na kesho ufunguapo duka, iliyorowa iweke juu.

Mwenyezi Mungu aturuzuku halali na atutilie baraka ndani yake. Amin.